Paka Watano wa Kisiwa cha Marion

Mtu mwenye ghala ya mahindi hana haja ya kufundishwa faida ya paka. Akikaa usiku mmoja bila paka atasikia panya wakitafuna magunia, na asubuhi ataiona hasara yake kwa macho. Kwa sababu hiyo paka amepewa nafasi katika nyumba za watu tangu zamani sana. Hafungwi kamba kama mbuzi, wala hatiwi zizini kama ng'ombe, bali huingia na kutoka apendavyo, na mwenyewe hudhani ya kwamba nyumba ni yake. Nasi twampenda hivyo hivyo. Walakini somo letu la mwezi huu lahusu paka aliyeondoka nyumbani asirudi, akazaa mwituni, na watoto wake wakakua pasipo kuujua mkono wa mtu. Kwa lugha yetu huyu huitwa paka shume. Tusimchanganye na kimburu, ambaye ni mnyama wa pori tangu asili yake.

Yafaa tujue kwanza paka ametoka wapi. Wataalamu waliochunguza urithi wa paka wa nchi nyingi, wakatangaza matokeo yao mwaka wa 2007, walionyesha ya kwamba paka wote wa nyumbani ni wa ukoo wa kimburu wa Mashariki ya Karibu, naye ni wa jamii moja na kimburu wa Afrika. Basi hapa kwetu bara paka si mgeni kabisa. Kanga, kwale na panya wa mwituni wamekaa pamoja na kimburu na mondo vizazi kwa vizazi, nao wajua kuruka, kukimbia na kujificha. Hata hivyo paka shume hakosi madhara katika bara hili, maana huzaa pamoja na kimburu na kumharibia ukoo wake, tena humwambukiza magonjwa ya nyumbani. Lakini ukitaka kuona madhara yake yote, yakupasa kwenda visiwani, mahali ambapo ndege hawakupata kamwe kuona mnyama wa miguu minne awindaye usiku. Kwa hiyo tumechagua kisiwa kimoja, tukieleze kwa urefu.

Kisiwa cha Marion ni cha Afrika ya Kusini, ingawa Waafrika wachache sana wamekiona. Kiko katika Bahari ya Hindi upande wa kusini kabisa, yapata kilometa 2,000 kutoka Cape Town, na ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 290. Hapana mti hata mmoja. Upepo wa magharibi hupiga karibu bila kukoma, na siku za mvua au theluji ni nyingi kuliko siku za jua. Wenyeji hakuna, watu waliopo ni kikundi kidogo cha wapima hali ya hewa na wachunguzi wa viumbe, ambao merikebu huwaleta na kuwaondoa mwaka kwa mwaka. Ng'ambo, yapata kilometa 20, kuna kisiwa kidogo zaidi kiitwacho Prince Edward. Msomaji akikumbuke kisiwa hicho cha pili, maana tutakirudia.

Mahali hapo pabaya kwa watu ni pema kwa ndege wa bahari. Pengwini hukusanyika pwani kwa maelfu mengi. Albatrosi mkubwa, mwenye mabawa yenye upana wa mita 3 na zaidi, hujenga kiota chake juu ya nyasi wazi. Na chini ya ardhi huishi ndege wengine ambao mgeni aweza kukaa siku nzima asiwaone: hao ni petreli. Petreli huchimba shimo katika udongo laini, hutaga yai moja tu ndani yake, kisha hutoka kwenda kuvua mbali baharini. Hurudi gizani. Sababu ya kurudi gizani ni ndege mkali aitwaye skua, ambaye huwavizia. Basi tazama jinsi walivyojilinda: mwana yumo shimoni, na mzazi husafiri usiku. Ulinzi huo uliwatosha kwa muda usiohesabika, kwa kuwa adui wao alikuwa ndege, na ndege mkubwa hawezi kuingia katika shimo jembamba. Lakini paka huona gizani, na mwili wake hupita mahali po pote panapopita kichwa chake.

Adui wa kwanza kufika hakuwa paka. Mwanzoni mwa karne ya 19 wawindaji wa sili walikuja na merikebu zao, na panya wadogo wakashuka pamoja na mizigo. Miaka mia na zaidi ikapita. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 na mwanzoni mwa 1948 Afrika ya Kusini ilivitwaa visiwa hivyo viwili, ikajenga kituo cha hali ya hewa huko Marion. Watu walipoanza kukaa, panya wakaingia nyumbani na kuharibu vyakula. Na vyakula vya mahali kama hapo haviwezi kununuliwa dukani vikiisha! Kwa hiyo mwaka wa 1949 wakaletwa paka watano.

Twaomba msomaji asiwalaumu upesi watu wale. Walifanya neno ambalo kila mwenye ghala angalilifanya, na paka wale walikuwa watano tu. Hakuna aliyekusudia kuharibu kitu. Lakini paka jike aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne au zaidi kwa kila mimba, na huko hapakuwa na mbwa, wala fisi, wala nyoka, wala gari la kumkanyaga. Paka wakaona ya kwamba ndege wa shimoni ni mnono kuliko panya wa jikoni, tena hajui kukimbia. Wakatoka kituoni, wakaenea kisiwani pande zote.

Yapata mwaka wa 1975 wachunguzi walikadiria kwamba wamefika 2,000 na zaidi, na mwaka wa 1977 yapata 3,400. Ndege walioliwa walikadiriwa kuwa 450,000 kwa mwaka. Tuipige hesabu hiyo polepole. Ukigawanya ndege hao kwa paka 2,100, kila paka apata zaidi ya ndege 200 kwa mwaka, yaani zaidi ya mmoja kila siku mbili. Hilo si jambo la ajabu kwa paka mwenye njaa katika nchi ya baridi. Ajabu iko upande wa ndege: petreli hutaga yai moja kwa mwaka, na kifaranga huhitaji miaka kadhaa baharini kabla ya kuzaa. Kuku akipoteza vifaranga vyote aweza kuatamia tena mwezi ujao. Petreli akipoteza kifaranga amepoteza mwaka, na yeye mwenyewe akiuawa hapana wa kushika mahali pake upesi. Petreli wadogo wapigao mbizi wakakoma kuzaa Marion katika zamani za paka. Wengine wakasalia wachache.

Hapa twapenda kusahihisha hadithi moja inayosimuliwa sana. Husemwa ya kwamba katika kisiwa cha Stephens, huko New Zealand, paka mmoja wa mlinzi wa mnara wa taa aliumaliza peke yake ukoo mzima wa ndege wadogo wasioruka, mwaka wa 1894. Kweli ndege wale walikwisha katika miaka ile, nao walijulikana kwa wataalamu kwa sababu paka aliwaleta mmoja mmoja mlangoni. Lakini waliosoma barua na taarifa za siku zile wamegundua kwamba kisiwa kilikuwa na paka wengi, nao ndio walioimaliza kazi hiyo. Twaitaja kwa sababu hadithi ya paka mmoja yampa msomaji faraja ya uongo, kana kwamba tatizo ni mnyama mmoja mwovu. Tatizo ni uzazi. Paka wale wa Stephens walimalizwa mwaka wa 1925, lakini ndege hawakuweza kurudi, maana hawakuwapo tena mahali po pote duniani.

Tuendelee na Marion. Kazi ya kuwaondoa paka ilianza kwa kuwachunguza, si kwa kuwaua. Tangu mwaka wa 1974 wataalamu walihesabu, wakapima, wakatazama wanachokula na wapi wanalala. Wengine waweza kuona ni upotezaji wa wakati, kukaa ukihesabu huku ndege wanaliwa. Sisi twaona ndiyo sababu moja kubwa ya kufaulu kwao, maana anayewinda asiyemjua huwinda kichaka.

Mwaka wa 1977 wakaleta ugonjwa wa virusi wa paka, uitwao panlukopenia, wakawaambukiza paka karibu 100 na kuwaachilia. Ugonjwa huo hauwadhuru ndege. Ukaenea, na ilipofika mwaka wa 1982 paka walikuwa wamepungua hata yapata 600. Twalazimika kusema kweli juu ya njia hiyo: ni mauti ya taabu. Paka hutapika, huharisha, hukaukiwa na maji mwilini, hufa baada ya siku kadhaa. Hatuwezi kuiita njia ya huruma. Waliochagua njia hiyo walipima taabu ya paka kwa upande mmoja, na ndege karibu nusu milioni kila mwaka kwa upande mwingine, nao pia hawafi kwa raha wakitolewa shimoni kwa meno. Mizani hiyo ni nzito, na mtu aliye mwepesi wa kuipima, kwa upande wo wote, twamshuku.

Tena ugonjwa haukuweza kumaliza kazi. Waliosalia walikuwa wamezoea virusi, damu yao ikawashinda. Kupungua kukawa kwa polepole sana, na ilionekana wazi ya kwamba wakiachwa watazidi tena. Ndipo ikaamuliwa kuwawinda kwa bunduki.

Uwindaji huo wa miaka ya 1986 mpaka 1989 wastahili kuelezwa, kwani wengi hudhani ya kwamba paka ni mnyama mdogo na kumwondoa ni mchezo. Watu walikwenda wawili wawili, usiku, wakati wa miezi ya kiangazi cha kule, ambacho kwetu tungekiita baridi kali. Mmoja alishika kurunzi yenye nguvu ya betri, wakitafuta mng'ao wa macho, na bunduki zilikuwa za marisau. Walipita juu ya mawe ya volkano yenye ncha na katika matope yanayofika magotini, mvua ikiwapiga usoni. Wakaua paka zaidi ya 800. Lakini saa walizotumia usiku kwa usiku zilizidi 14,000. Hesabu yake ni yapata saa 17 za kutembea kwa kila paka mmoja! Na jinsi paka walivyopungua ndivyo saa zilivyozidi, maana wa kwanza kufa walikuwa wajinga, na waliosalia walikuwa wamejifunza maana ya taa.

Basi bunduki nayo ikafika mwisho wa uwezo wake, kama ugonjwa ulivyofika. Wakaongeza mitego ya chuma, na vifaranga wa kuku waliokufa, waliotiwa sumu na kutawanywa kisiwani kwa maelfu. Paka wa mwisho alinaswa mwezi wa Julai mwaka wa 1991. Wakaendelea kutafuta nyayo, mavi na mabaki ya ndege walioliwa hata mwaka wa 1993, wasione kitu. Tangu uchunguzi wa kwanza mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 19. Paka watano walishuka melini kwa siku moja. Kuwaondoa wajukuu wao kulitaka ugonjwa, bunduki, mitego na sumu, kila kimoja kwa zamu yake, na nusu ya maisha ya kazi ya mtu mzima.

Wasomaji wenye moyo mwororo watauliza, je, haikuwezekana kuwahasi tu, wakaachwa wazeeke? Swali hilo ni la haki, na twalijibu hivi. Paka aliyehasiwa hazai, lakini hula. Kwa miaka yote iliyosalia atatoa petreli shimoni kama kwanza. Tena ili ukoo upungue kwa njia hiyo ni lazima karibu kila jike akamatwe, na anayeweza kumkamata kila jike katika kilometa za mraba 290 za matope ameweza kumwondoa. Mjini, mahali palipo na watu wa kuwalisha na kuwaangalia, njia hiyo ina faida zake. Kisiwani haina. Wengine husema wapelekwe bara, wafugwe. Jambo hilo limefanyika mara moja moja: katika kisiwa cha San Nicolas, karibu na pwani ya California, paka zaidi ya 50 walikamatwa miaka ya 2009 na 2010, wakapelekwa bara kutunzwa katika nyumba yao. Lakini walikuwa kadiri ya makumi, na bara iko karibu. Paka 3,400 katikati ya bahari ya barafu ni shauri jingine.

Shida huwa kubwa zaidi mahali ambapo paka shume na paka wa nyumbani hukaa pamoja. Hayo yalionekana katika kisiwa cha Ascension, milki ya Waingereza katika Bahari ya Atlantiki, ambako paka waliletwa mwaka wa 1815 ili kuua panya. Hapo huzaa ndege mkubwa mweusi wa bahari, mwenye mkia uliogawanyika kama mkasi, na dume lake huvimbisha mfuko mwekundu shingoni wakati wa kuposa. Ndege huyo hazai mahali pengine po pote duniani. Kwa miaka 150 na zaidi alikuwa amekimbilia mwamba mdogo kando ya kisiwa, mahali ambapo paka hawezi kufika. Kazi ya kuwaondoa paka shume ilifanywa kuanzia mwaka wa 2001, na mwaka wa 2006 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina paka shume tena. Wenye paka wa nyumbani waliombwa kuwaandikisha na kuwahasi, wakakubali. Lakini sumu haimjui paka mwenye jina na asiye na jina. Zaidi ya theluthi moja ya paka wa nyumbani walikufa kwa bahati mbaya, na wenyewe walihuzunika na kukasirika, wala hatuwashangai. Mtoto aliyepoteza paka wake hafarijiwi kwa hesabu ya ndege. Mwaka wa 2012 wale ndege weusi walianza kujenga viota tena katika kisiwa kikubwa. Habari hizi mbili ni za kazi moja, na mwenye kusimulia moja bila ya pili asema nusu.

Sasa twarudi Marion, maana habari yake haikwisha na paka wa mwisho. Watu wetu husema, paka akiondoka, panya hutawala. Maneno hayo hutumiwa kwa habari za wakubwa na wadogo katika nyumba, lakini Marion yametimia kama yalivyo. Panya walewale wa wawindaji wa sili walikuwapo bado. Mwaka wa 2003 wachunguzi waliona kwa mara ya kwanza makinda ya albatrosi yenye majeraha ya panya. Baadaye ikawa jambo la kawaida. Panya wa gramu 20 hupanda usiku juu ya kinda lililo kubwa kuliko bata, hutafuna ngozi ya kichwa au ya kiuno, na kinda hukaa kimya, kwa kuwa halikufundishwa na wazazi wake kwamba kitu kama hicho chaweza kudhuru. Mwaka wa 2023 walionekana albatrosi wakubwa, wazazi wenyewe, wameuawa vivyo hivyo. Na kisiwa hiki hulea kama robo ya albatrosi wakubwa wa kabila hilo walioko duniani.

Je, walikosea basi kuwaondoa paka? Wako wasemao hivyo, nasi hatukubaliani nao. Panya walikuwa wengi hata zamani za paka. Paka hawakuwamaliza, kwa kuwa ndege walikuwa chakula chepesi zaidi. Kilichowazidisha panya zaidi ni hali ya hewa. Kisiwa kimepata joto kuliko zamani, muda wa kuzaa kwao umerefuka, nao wamewala wadudu wa kisiwa hata karibu kuwamaliza, wakatafuta nyama nyingine. Kwa upande mwingine, mashimo ya petreli yalipohesabiwa mwaka wa 2013 yalikuwa yamezidi kwa asilimia 56 kuliko mwaka wa 1979. Si haba, ingawa wataalamu walitumaini zaidi. Walakini yako makosa ambayo kweli yaliwezekana kuepukwa, nayo yaonekana vizuri zaidi mahali pengine, yaani katika kisiwa cha Macquarie, upande wa kusini wa Australia.

Macquarie ilikuwa na paka tangu yapata mwaka wa 1820, nao walikaa pamoja na kasuku wadogo wa kisiwa miaka mingi bila kuwamaliza. Sababu yake ni ya kuangaliwa sana. Wakati wa majira ya baridi ndege wa bahari huondoka, na paka hukosa chakula. Wengi hufa, na wachache waliosalia hawawezi kumaliza kasuku. Kisha, karibu na mwaka wa 1880, watu wakaleta sungura kuwa kitoweo cha mabaharia. Sungura hawaondoki wakati wa baridi. Paka wakapata chakula mwaka mzima, wakaongezeka, na kabla ya miaka 20 kwisha kasuku wakawa wametoweka. Sungura hakumla kasuku hata mmoja, lakini yeye ndiye aliyemlisha mwuaji.

Baadaye mambo yakageuka upande wa pili. Mwaka wa 1978 sungura walitiwa ugonjwa, wakapungua sana. Paka wakawageukia ndege, wakikadiriwa kuua 60,000 kwa mwaka. Paka nao wakawindwa, na wa mwisho akaondolewa mwaka wa 2000. Sungura, wakiwa hawana paka, na ugonjwa wao umedhoofika, wakapanda mpaka kupita 100,000. Wakala nyasi za milimani hata udongo ukabaki uchi, na mwaka wa 2006 mteremko mzima ukaporomoka juu ya makao ya pengwini. Wataalamu wamebishana sana juu ya kadiri ya sehemu ya paka katika msiba huo na kadiri ya sehemu ya ugonjwa uliodhoofika. Sisi twaona mabishano hayo hayabadili neno la maana: wanyama wa kigeni watatu au wanne katika kisiwa ni kama mawe ya jiko. Ukiondoa moja, usishangae chungu kikipinduka. Mwishowe, mwaka wa 2011, helikopta zilitawanya sumu kisiwani pote kwa ajili ya sungura, panya wakubwa na panya wadogo kwa mara moja, na mbwa waliofundishwa wakatafuta sungura waliosalia. Mwaka wa 2014 kisiwa kikatangazwa kuwa safi.

Kazi kama hiyo yatayarishwa kwa ajili ya panya wa Marion, na gharama yake ni mamilioni mengi ya dola. Chambo chenye sumu hakina budi kuanguka kila mahali, juu ya kila mwamba na kila bonde, kwa sababu panya jike mmoja mwenye mimba akisalia, kazi yote ni bure. Hofu hiyo si ya bure. Katika kisiwa cha Gough, katika Atlantiki ya kusini, kazi ilifanywa kwa uangalifu mwingi mwaka wa 2021, na kabla ya mwaka huo kwisha panya mmoja alionekana katika picha ya usiku. Panya huyo hakuwa peke yake.

Tuliahidi kukirudia kisiwa cha Prince Edward. Wawindaji wa sili walikifikia pia, lakini kwa bahati njema panya hawakushika makao, na paka hawakupata kuletwa. Leo watu huruhusiwa kushuka huko kwa nadra sana, na hata wanaokwenda Marion hukaguliwa kabla ya kupanda melini na tena kabla ya kushuka. Viatu husuguliwa mpaka udongo wote utoke, mifuko ya makoti hupinduliwa na kutafutwa mbegu, masanduku ya vyakula hufunguliwa moja moja kutazama kama kuna panya au mdudu. Waliosafiri huko husimulia jinsi kazi hiyo inavyochosha, mtu mzima kuketi na sindano akichokoa mbegu katika soksi zake. Petreli wadogo wapigao mbizi, waliokoma kuzaa Marion katika zamani za paka, wangali wakichimba mashimo yao Prince Edward, yapata kilometa 20 ng'ambo ya maji.